Mkono Niliosema Umepona

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwenye kuzigawa nguvu kwa amtakaye na mwenye kuzitwaa bila kuulizwa, na rehema zimshukie Mtume wake, aali zake na masahaba wake wote.

Kwa binti yangu Zaina binti Athumani, aliye bado chini ya paa langu mpaka kesho asubuhi. Nakusalimu kwa salamu ya amani, ingawa hatua ishirini tu zinatutenga, mimi nikiwa barazani na wewe uani.

Ama baada ya salamu, sala ya Alasiri imekwisha na nimeketi peke yangu. Nawasikia mkifunga mizigo. Shangazi yako anagombana na mkeka usiokubali kukunjika. Kesho lori litakuchukua kutoka hapa Handeni hadi Korogwe, kwa mume wako Rajabu, huko Manundu. Ningeweza kukuita uje uketi mbele yangu nikakwambia haya kwa mdomo. Lakini ulimi wangu, ulio mwepesi msikitini, umekuwa mzito kwako kwa mwezi mzima. Nimechukua kalamu, na ninaandika kwa herufi za Kiarabu nilizokufundisha mwenyewe, ili usihitaji mtu wa kukusomea.

Habari za jiko, za kuamka mapema na za kuwaheshimu wakwe, shangazi na mama yako wamekwambia mara nyingi kuliko ulivyotaka kusikia. Sitayarudia. Nataka kuandika juu ya mkono wako wa kulia, na juu ya uongo niliousema kuuhusu. Niliwaambia watu wa mume wako kwamba umepona. Haujapona. Unajua wewe na ninajua mimi. Una nguvu iliyojengwa kwa miezi sita ya kuinua mchanga, na nguvu ya namna hiyo huondoka kwa haraka kuliko ilivyokuja. Tangu shughuli za ndoa zianze hujaugusa ule mfuko wa mchanga. Umekaa kando ya mtungi, na mchwa wameanza kuupanda. Nimeupita kila siku nikienda kutawadha, na kila siku nimenyamaza.

Si kwamba sikujali. Niliona haya. Mtu aliyeshindwa na jambo lile lile miaka thelathini atamkumbusha vipi mwingine? Sikiliza basi jinsi nilivyoshindwa, kwa maana hukuwahi kusimuliwa.

Unajua kwamba bega langu la kulia ni bovu. Umezoea kuniona naandika kiwiko kikiwa mezani, na kunywa kwa kuinamia kikombe badala ya kukiinua. Pengine ulidhani nilizaliwa hivyo. Sivyo. Nilipotoka chuoni kwa sheikh wangu, kijana mwenye elimu kidogo na majivuno mengi, niliandikwa kazi katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe. Siku moja mzigo wa majani uliporomoka kutoka juu ya toroli ukanifunika. Mfupa haukuvunjika, ila bega lilitoka mahali pake, na liliporudishwa mkono ulining'inia kama kamba. Baada ya majuma kadhaa dresa wa pale shambani, mtu wa kufunga vidonda, alinipa kipingili cha chuma cha reli, akasema, "Inua mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Kikiwa chepesi, tafuta kizito zaidi." Nikamwuliza, "Mpaka lini?" Hakunijibu, alikuwa amekwisha kumgeukia mgonjwa mwingine.

Jibu lile nililokosa nikajitungia mwenyewe. Wewe hukuishi kwenye mkonge, kwa hiyo nikueleze. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Ukifanya kazi siku moja, nyapara anatia alama moja. Alama zikitimia thelathini, kipande kimekwisha. Mtu hunyoosha miguu, hulala, hutembelea jamaa zake, na hakuna wa kumlaumu. Maisha yetu yote tuliyapima hivyo. Nami nikaupimia mkono wangu kwa kipimo hicho hicho. Nilichora alama za makaa kwenye mwimo wa mlango, moja kila siku. Nilikuwa mwaminifu sana, Zaina. Sikuruka hata siku moja. Zilipotimia thelathini mkono ulikuwa unainua chuma kile kama kijiti, nikakisukuma chini ya kitanda nikaona nimemaliza.

Katika chumba kimoja nami alikaa Masanja, mkata mkonge aliyetoka mbali, upande wa magharibi, mtu asiyejua kusoma hata herufi. Siku ya tatu aliniuliza mbele ya wenzetu, "Mwalimu, mbona chuma chako kinalala na njaa?"

"Nimemaliza kipande," nikamjibu.

"Kipande cha nani? Nyapara amekutilia alama mkononi?" Wote wakacheka. Yeye hakucheka. "Mkono haujui kipande, mwalimu. Mwaka wa nane huu nakata mkonge. Nikienda kwetu nikakaa miezi miwili, nikirudi kisu kinanitoa machozi kama mgeni. Jana umekula ukashiba. Leo tumbo halikudai?"

Niliyasikia maneno hayo vizuri. Tatizo langu lilikuwa kwamba yametoka kwa mtu asiyesoma. Nikamwambia, "Wewe kata mkonge, mwili wangu niachie mimi." Akanyanyua mabega. "Haya, bwana. Wako."

Baada ya majuma matano mkono ulianza kulegea tena. Nikaona aibu, nikakitoa chuma, na badala ya kuanza na kidogo nikataka kuinua pale pale nilipoishia. Bega likavimba. Nikasema, hali hairuhusu, nitaanza tena litakapopoa. Likapoa, nikaanza, nikamaliza thelathini nyingine, nikapumzika. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Nilipokuwa nimerudi Handeni nikiwa na chuo changu cha watoto, mchezo uliendelea. Nilikuwa hodari wa kuanza. Hakuna mtu katika nchi ya Uzigua aliyeanza mara nyingi kama mimi. Mwezi wa Ramadhani niliacha, nikaufanya mfungo wangu kuwa kisingizio, kana kwamba Mungu ndiye aliyeniomba niwe dhaifu. Wakati wa kulima niliacha kwa sababu nimechoka. Ulipokuja mwaka wa njaa niliacha kwa sababu sina chakula, na hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Lakini mvua iliporudi na mahindi yakajaa, sikurudi. Kila mara nilingojea siku iliyo safi, isiyo na ugonjwa, wala mgeni, wala huzuni. Nimefikisha umri huu sijaiona siku hiyo.

Na muda wote huo, binti yangu, nilikuwa nikiwafundisha watoto wa chuo kwamba Mola hupenda tendo dogo lidumulo kuliko kubwa likatikalo. Niliwafundisha kwa sauti nzuri. Niliwatandika waliolisahau.

Sasa nitaandika jambo ambalo ninyi wanawake hamkuliona, kwa kuwa mlibaki nyumbani. Ulikuwa msichana wa miaka tisa alipofariki babu yako, baba yangu mzazi. Unakumbuka nilivyorudi kutoka makaburini nikajifungia chumbani siku mbili, na watu wakasema, mwalimu alimpenda sana baba yake. Nilimpenda. Lakini nilijifungia kwa sababu nyingine.

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza wa kiume. Nilishuka kaburini pamoja na ndugu yangu na mtoto wa ami yangu ili tumpokee. Hii ndiyo haki ya mwisho ambayo mwana humlipa baba yake, na mimi ndiye niliyewafundisha watu wa mtaa huu jinsi ya kuilipa. Nilisimama upande wa kichwa. Wakamteremsha. Uzito ulipofika kwenye mikono yangu, wa kulia ukakataa. Haukuchoka polepole nikapata kusema neno, ulikataa tu. Kichwa cha baba yangu kikateleza kikagonga ukuta wa kaburi, sanda ikaingia udongo. Nikasikia, "Shika, mwalimu! Shika!" Sikuweza kushika. Kisha mtoto wa ami yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Toka. Tumuweke sisi." Na kutoka kwenyewe sikuweza, nilivutwa kwa mkono wa kushoto kama mtoto. Nikasimama juu, nikawatazama wengine wakimlaza baba yangu.

Njiani ndugu yangu alinishika bega, akasema, "Udongo ulikuwa unateleza." Ilikuwa ni kiangazi. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu.

Tangu hapo sijashuka kaburini. Watu hudhani naogopa mauti. Namwomba Mungu anisamehe, na namwomba baba yangu, lakini sijui kama msamaha humfikia mtu ambaye hata baada ya siku ile hakuinua chuma zaidi ya siku ishirini na mbili. Ndiyo, Zaina. Nilidhani aibu ile itanitosha maisha yangu yote. Haikunitosha mwezi mmoja. Basi usije ukategemea uchungu kukuamsha. Uchungu nao hupoa, kama hamu inavyopoa.

Na udhaifu huo wa mkono wangu ndio uliokuangusha wewe. Kapu la mahindi lililokuwa darini lilikuwa kazi yangu kulishusha. Mama yako alikuwa shambani, nami sikutaka kujaribu nikashindwa mbele ya wageni waliokuwa barazani. Nikakuita. Ulipanda ngazi ukicheka, ukaanguka. Niliusikia mfupa ulipovunjika kabla sijasikia kilio chako. Hukunilaumu hata siku moja, na jambo hilo limenilemea kuliko lawama.

Unayakumbuka yaliyofuata. Mkono ulipofunguliwa ulikuwa umekonda kama mchi wa mtoto, na dresa wa hospitali alitwambia maneno yale yale niliyoambiwa ujanani. Safari hii nilijua jibu la swali ambalo sikujibiwa. Tulishona mfuko, tukatia mchanga kidogo, na kila siku baada ya sala ya Alfajiri tuliketi uani, wewe ukiinua na mimi nikihesabu. Kila Ijumaa tuliongeza konzi moja ya mchanga. Mama yako alikuwa akipita na ndoo akasema, "Tazameni, mwalimu na bintiye wamegeuka makuli! Nani atawaajiri?" Nawe ukamjibu, "Tunakungoja wewe, mama, utupe mzigo." Siku zile ulipopatwa na homa, tulitoa konzi tatu, wewe ukainua mara nne tu, ukalala. Tulipunguza mchanga, hatukupunguza siku. Miezi ile sita ndiyo pekee katika umri wangu ambayo nilidumu katika jambo la mwili, na nilidumu kwa sababu mkono haukuwa wangu.

Ndipo akaja Mzee Semboja, mshenga wa Rajabu. Aliketi kwenye mkeka huu ninaoukalia. Tulipomaliza mazungumzo ya mahari alikohoa, akasema, "Mwalimu, wenzangu wa Manundu wameniagiza swali moja. Wamesikia binti aliwahi kuvunjika. Mkono je?"

Nikamjibu, "Umepona, alhamdulillahi. Kama vile hakuvunjika."

Nilimtaja Mungu ndani ya uongo, mimi ninayejua hukumu ya mwenye kuficha kasoro katika mkataba. Nilihofu wasije wakakukataa. Na wewe ulikuwa nyuma ya mlango, ukasikia. Nadhani tangu siku ile ndipo ulipouacha mfuko, kwa kuwa mtu aliyekwisha kutangazwa kuwa mzima atainuaje mchanga kila siku? Nilikufungia mlango kwa neno langu. Unakwenda katika nyumba ya watu wanaoamini umepona, uani mwa mama mkwe na mawifi, ambako kila mtu atakutazama. Na zoezi lako litakuwa la kujificha, na zoezi la kujificha halimalizi mwezi.

Nimelifikiria hilo kila siku nilipokuwa nimenyamaza. Leo baada ya sala ya Adhuhuri nilikwenda nyumbani kwa Mzee Semboja. Nilimkuta anatia mafuta viatu vyake kwa ajili ya safari. Nikamwambia yote.

Alitupa kitambaa. "Mwalimu! Nikaha imesomwa, pilau imeliwa, mimi mwenyewe nimekula sahani mbili, ndipo unaniletea habari ya mkono?"

"Nilisema uongo. Nataka uwaambie."

"Niwaambie nini sasa? Kwamba tumewaletea kilema?"

"Si kilema. Waambie mkono ule una nguvu kwa kadiri unavyofanyishwa kazi kila siku, na ukiachwa utakauka kama huu wangu. Waambie atakuwa akiinua mfuko wa mchanga uani kwao, wasimcheke wala wasimzuie."

Akakiokota kitambaa. "Na wakikasirika?"

"Wanikasirikie mimi."

"Wewe utakuwa Handeni, mwalimu. Atakayekuwa mbele ya macho yao ni yeye."

Alivaa viatu vyake bila kuviangalia, akaondoka na gari la mchana ili awatangulie. Kwa hiyo kesho utakapoingia uani kwao watakuwa wamekwisha kujua, na watautazama mkono wako kabla ya kukutazama uso. Huu ndio urithi ninaokupa siku ya harusi yako. Sikukuuliza kabla ya kusema uongo, wala sikukuuliza kabla ya kusema kweli. Mara zote mbili nilitenda kana kwamba mkono ni wangu. Nisamehe kama waweza. Kama huwezi, sitakulaumu.

Rajabu simjui vya kutosha. Nimemwona mara mbili. Ana adabu, lakini adabu ya mtu aliyekuja kuposa si kitu cha kutegemea. Sijui atasema nini. Sijui mama yake atasema nini, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Laiti ningekuwa na tumaini kubwa ningekuandikia, lakini sipendi kukuongezea uongo mwingine. Wewe ni damu yangu, na ninaijua damu yetu jinsi ilivyo nyepesi kuanza na nyepesi kuchoka. Mwezi huu nimeshaona dalili.

Ninachoweza kukuambia ni kidogo. Usiuchukue mfuko wa hapa. Ni mzito kuliko mkono wako wa leo. Ungejaribu pale ulipoishia ukaumia, kama nilivyofanya mimi. Manundu kuna mchanga. Chukua konzi mbili tu, hata kama ni mzigo wa kuchekesha, na anza kesho kutwa, asubuhi yako ya kwanza. Usingoje wakuzoee, wala usingoje mume wako akuridhie moyoni, kwa kuwa huenda jambo hilo likachukua mwaka. Inua mbele yao. Wakicheka, waache wacheke. Kicheko cha watu nacho huchoka, na mara nyingi huchoka mapema. Zitakuja siku za ujauzito na siku za msiba, na siku ambazo hutaona maana yoyote ya jambo hili. Siku hizo inua mara moja, na mfuko ukiwa mtupu inua mfuko mtupu. Sikuombei upende kuinua. Mimi nilikuwa nikipenda, na kupenda kwangu hakukunifikisha popote. Nakuombea uinue bila kupenda.

Ukiacha, usihesabu ni siku ngapi umeacha. Anza kwa konzi mbili tena, bila kujitukana na bila kujiapiza. Nami nimejiapiza vya kutosha kwa niaba yetu sote.

Mama yako ananiita. Anauliza niko wapi na kwa nini sijaja kukuombea dua mbele ya watu. Nitakuja, nitaomba dua fupi iliyozoeleka, na hakuna atakayejua kwamba dua yenyewe ni hii hapa.

Ee Mola, huyu ni binti yangu, anatoka katika mikono yangu ambayo haikuweza kushika. Mshike Wewe. Uteremshe upole juu ya nyumba ile ya Manundu, juu ya Rajabu na mama yake na wote walalao chini ya paa lake, na uwafungie ndimi zao asubuhi ile ya kwanza. Umpe Zaina mtoto siku utakayopenda, na siku hiyo umpe nguvu ya kumbeba kwa mkono wowote autakao. Na kama umekadiria kwamba atachoka kama nilivyochoka mimi, basi usimwachie aibu yangu.

Wabillahi taufiki.

Ni mimi baba yako,
Athumani Mhina, mwalimu wa chuo, Handeni.